Kitanda Chini ya Kitanda

Kazini walimwita Bi Mkunjo, na jina hilo alilipata kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ndefu nyuma ya jengo la dobi, akipokea mashuka ya hoteli mbili na hospitali moja yakiwa bado na joto la mashine, na kuyakunja. Hakukunja kwa kukadiria kwa macho kama wenzake. Alikuwa na kibao chake, ubao mwembamba wenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kila kilichopita mezani kwake kilitoka na ukubwa wa kibao kile: shuka, taulo, aproni, hata pazia. Kabati ambalo wenzake walilijaza mpaka mlango ukagoma kufunga, yeye alilipanga upya na bado likabaki na rafu moja tupu. Msimamizi alikuwa na neno lake: "Huyu mama mkimpa nyumba ataikunja aitie mfukoni." Wenzake walicheka, naye alicheka, kwa sababu nyumba ya kukunja hakuwa nayo.

Shule hakwenda. Si kwamba alikosa akili. Akili alikuwa nayo mpaka ya kuazima watu. Mama yao alikufa yeye akiwa na miaka tisa na mdogo wake akiwa na miwili, na baba yao akaamua kwamba mtoto mmoja asome na mwingine ambebe huyo atakayesoma. Basi akambeba. Alimbeba mgongoni, akambeba begani, na mdogo alipofika umri wa darasa alimbebea mkoba mpaka mlangoni, kisha akarudi mbio kufua sare ya kesho. Siku mdogo alipojua kuandika jina lake, aliliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule. Aliyepigwa ni dada, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimwangalia. Aliyesugua ukuta ni dada pia.

Mdogo akasoma, akawa bwana mkubwa wa ofisi ya ardhi. Kazi yake ilikuwa kugawa viwanja. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na mmoja mmoja aliingia kuonyeshwa kwa ncha ya kalamu, juu ya ramani yenye mistari ya rangi, mahali ambapo angeweka maisha yake yote. Wengine walitoka wakilia kwa furaha. Kalamu ile ilikuwa na nafasi kwa kila mtu.

Bi Mkunjo aliolewa, akakaa na mume miaka saba, mimba haikushika, akarudishwa. Alirudishwa kama bakuli la jirani: limeoshwa vizuri na ndani halina kitu. Hapo ndipo alipoingia nyumbani kwa mdogo wake, kwa wiki mbili tu, ajipange. Mwezi uleule wifi yake akajifungua mtoto wa kike, na wiki mbili zikawa miaka sita.

"Wifi yangu, bila wewe ningekufa," mke wa mdogo alimwambia siku ile, akimlilia begani, maana kazini kwake walimtaka arudi upesi na mtoto hakuwa na wa kumwachia. Machozi ya mwenye shida hayana chumvi. Ukiyaonja utadhani ni maji ya kunywa.

Wakapatana. Bi Mkunjo akaomba kazini zamu ya usiku, asubuhi akarudi kukaa na mtoto, akalala pale mtoto alipolala. Kitanda cha chuma alichotoka nacho kwa mume kikawekwa katika chumba cha mtoto, ubavuni mwa kile kidogo. Mtoto alipoanza shule ya chekechea, yeye akarudi zamu ya mchana, lakini kitanda kikabaki palepale. Chumba kilikuwa kidogo: hatua nne kwenda, hatua tatu na nusu kukata. Dirisha moja, mlango mmoja, na msumari mmoja nyuma ya mlango uliobeba nguo zake zote za kutokea. Duniani hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Mtoto yeye alimwita Kinda, na Kinda alizoea kushika kidole chake kabla ya kusinzia.

Kinda alipotimiza miaka sita, wifi akaanza kuangalia picha za vyumba kwenye simu.

"Wifi, njoo uone," alisema jioni moja. "Hiki ndicho chumba cha mtoto. Siyo kile chetu, kama ghala la vitunguu."

Bi Mkunjo akainama akatazama. Kuta nyeupe, kitanda cheupe, rafu nyeupe.

"Naona. Na mtoto mwenyewe wamemweka wapi?"

"Usinitie maneno. Kinda anaingia darasa la kwanza. Anataka meza ya kusomea, na kiti, na taa yake. Meza itaingia. Na ili iingie, kuna kitu kitatoka. Sijasema ni nini."

"Hujasema."

"Sijasema, wifi."

Kila mmoja wao alikuwa akikiona kitanda cha chuma kwa macho ya moyoni.

"Nipe Jumapili moja," Bi Mkunjo akasema. "Meza itaingia, na hakuna kitakachotoka."

"Haya, tuone. Si wewe ndiye bingwa wa kukunja?"

Jumapili ile alifunga kitambaa kichwani akahamishia kila kitu sebuleni, mpaka chumba kikabaki na mwangwi. Nguo za Kinda alizigawa mafungu matatu: zinazomtosha, zitakazomtosha, na zilizomkimbia. Zilizomkimbia zilikuwa nyingi kuliko zote. Kulikuwa na soksi za siku ya kuzaliwa kwake. Zile za kubaki akazikunja kwa kibao, kisha hakuzilaza moja juu ya nyingine kama watu wafanyavyo. Alizisimamisha katika maboksi ya sabuni aliyoyaomba kazini, kama vitabu, ili mtoto achomoe moja bila kuangusha kumi. Akaomba matofali manne kwa majirani wanaojenga, akainua miguu ya kitanda cha mtoto, na maboksi yote sita yakaingia chini yake. Shuka moja kuukuu la hospitali akalishona vifuko kumi na viwili, akalipigilia nyuma ya mlango, na viatu vikapata pa kukaa. Juu ya dirisha akaweka ubao kwa ajili ya masanduku na mabegi. Wadoli akawatia katika mfuko wa wavu akautundika pembeni karibu na dari.

"Shangazi, wananing'inia kama popo," Kinda akasema.

"Waache wakae kipopo. Popo halipi kodi."

Alipomaliza, akachukua uzi wake wa kupimia, maana futi na sentimita alizisikia tu watu wakizitaja, akapima kutoka ukutani hadi kwenye kitanda chake cha chuma. Meza ingeingia. Kiti kingeingia. Na bado ingebaki nafasi ya mtoto kukaa chini akachora. Akakaa kitandani, mgongo unauma, akacheka peke yake.

Wifi akaingia, akageuka huku na huku mikono kiunoni.

"Ala! Kumbe nafasi ilikuwapo siku zote!"

"Ilikuwapo. Ilikuwa imelaliwa tu."

"Wifi, wewe ni hatari. Sasa hapa patakaa na lile kabati la kioo nililoliona. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa."

"Kabati gani tena?"

"La milango mitatu. Tena nilishaacha kuliwaza! Mwisho wa mwezi linaletwa, na meza inaletwa nalo."

Hivyo ndivyo ilivyo. Ukiwaokolea watu nafasi ya sahani, wanaleta sufuria. Bi Mkunjo alikuwa ameitafuta nafasi ile kwa kucha, akaikabidhi kwa mkono wake, na sasa kitanda chake kilikuwa kimesimama katikati ya njia ya kabati.

Akamfuata mdogo wake sebuleni. Mdogo alikuwa amekunjua ramani juu ya meza ya chai, akiweka alama kwa kalamu nyekundu.

"Mdogo wangu, nina neno."

"Sema tu, dada, nasikia."

"Kabati likiingia, mimi ninalala wapi?"

"Dada, mambo ya ndani mwachie mama Kinda. Mimi nikiingia huko nitachomwa na moto usionihusu."

"Hayo mambo ya ndani ndiyo mimi."

Kalamu haikusimama. "Lakini nimekiona chumba. Umepanga vizuri, kweli kabisa. Una kipaji, dada. Wewe ungesoma ungefika mbali."

"Ningesoma mimi, wewe ungebebwa na nani?"

Mdogo akacheka kwa moyo wote. Alidhani ni utani.

"Na hapa sebuleni je?" dada akauliza. "Nikitandika godoro, alfajiri nikaondoa?"

"Hapa watu wananifuata kabla hata sijanawa uso. Waje wakute matandiko? Jaribu kutafuta njia, dada. Wewe huwa hukosi njia."

Na kweli hakuikosa, na hilo ndilo lililommaliza. Kuna watu wakisukumwa ukutani hupiga kelele. Yeye alisukumwa ukutani akaanza kuupima ukuta. Aliwaza hivi: kitanda cha mtoto kimeinuliwa kwa matofali. Maboksi yale yanaweza kupanda juu ya kabati jipya. Chini ya kitanda basi kunaweza kukaa droo kubwa yenye magurudumu, na ndani ya droo godoro. Mchana inasukumwa ndani, hakuna anayeiona. Usiku inavutwa, mtu analala. Asubuhi alikuwa kwa seremala wa ng'ambo ya barabara, uzi wake mkononi.

Seremala alikuwa mtu wa mdomo. Alimsikiliza huku akisugua mbao, kisha akaacha kusugua.

"Bi mkubwa, hiyo ni droo au jeneza?"

"Jeneza lina kifuniko. Mimi nimekuambia magurudumu."

"Haya. Na nani huyo wa kulala kwenye droo? Si nyumbani kwa yule bwana wa viwanja? Mimi mwaka wa nne huu nasubiri kiwanja changu, kila nikienda naambiwa nafasi hakuna. Kumbe nafasi hata nyumbani kwake hakuna!" Akacheka mpaka vumbi la mbao likamwingia puani, na mtu mmoja aliyekuwa akingoja kiti chake naye akacheka.

Bi Mkunjo akaona yote yatakavyokuwa. Akisema ni yeye, mpaka jua linazama mtaa mzima utakuwa unasema kwamba mgawa viwanja amemlaza dada yake kwenye droo. Jina aliloandika mdogo wake kwa mkaa na yeye akalisugua, leo lingeandikwa tena ukutani, na mwandishi angekuwa yeye. Aibu ile ilikuwa ya mdogo wake, lakini aliyezoea kubeba alikuwa yeye.

"Ni ya mtoto wa mgeni," akasema. "Huja siku mbili tatu akaondoka."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi."

"Basi hahitaji urefu wote huu wa uzi wako. Nitampa kiasi chake, na hapa mwishoni nitakutengea kisanduku cha viatu. Nyumba ndogo lazima kila pembe ifanye kazi, au siyo?"

Angekataa kwa sababu gani? Uongo ukishauzaa lazima uunyonyeshe. "Fanya unavyoona," akasema. Malipo walikubaliana kitanda cha chuma, kwa kuwa seremala alikuwa na mteja wa chuma, na jioni ileile akaja na mkokoteni akakichukua. Wiki nzima Bi Mkunjo alilala sakafuni, na hiyo ndiyo wiki ya mwisho aliyolala amenyooka.

Droo ilikuja siku moja na kabati. Wifi alikiona kisanduku cha viatu akapiga makofi, akakijaza palepale, viatu vya Kinda na vyake mwenyewe. Kabati likasimama upande huu, meza upande ule, na droo ilipovutwa ikafunika karibu sakafu yote iliyobaki, ukingo wake ukigusa mguu wa meza. Bi Mkunjo akaingia. Akalala chali, kichwa kikagonga ubao na miguu ikagonga ubao. Akageukia ukuta, akavuta magoti mpaka yakafika karibu na kidevu. Hapo akaenea.

"Wifi, imekuwaje tena?" mke wa mdogo alisema kutoka mlangoni, mkono mdomoni, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Si ulikwenda mwenyewe kwa fundi? Kipimo si ulitoa wewe?"

"Nilitoa mimi."

"Basi usije ukasema ni sisi."

Kurudi kwa seremala hakuweza, maana angeulizwa mtoto wa mgeni amerefuka lini. Kitanda cha chuma kilishauzwa mtaa mwingine. Kwa hiyo akalala hivyo. Mwezi wa kwanza aliamka na ganzi. Mwezi wa tatu maumivu yalihamia kiunoni yakaoa na kuzaa hapo. Kinda aliona ni mchezo mzuri kuliko yote, kila asubuhi alisubiri shangazi atoke, kisha akaweka mikono miwili ubavuni mwa droo na kuisukuma mpaka ikagonga ukuta, akapiga kelele, "Imefungwa!"

Kazini walianza kumwona akitembea ameinama. "Bi Mkunjo sasa amejikunja mwenyewe," msimamizi akasema, na safari hii hakuna aliyecheka sana. Mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mpana waliyemwita Mama Pasi, alimvuta nyuma ya mapipa ya nguo chafu.

"Wewe unalala wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Unajua."

"Nyumba naijua. Nakuuliza unalala wapi."

"Chumba cha mtoto."

"Kwa hiyo mtoto ndiye anayekupiga usiku? Mbona uko hivi? Mimi kwangu wanangu wameondoka, chumba kinalala panya. Njoo."

"Niache nyumba ya ndugu nikalale kwa watu?"

"Haya, endelea na ndugu," Mama Pasi akasema, akarudi kwenye pasi yake. "Fadhila za punda unazijua. Ngoja upepo ugeuke."

Ulipita mwaka. Kisha wifi akaalika wanawake watatu wa kazini kwake, mmoja wao mke wa mkurugenzi, waje Jumamosi mchana waone chumba. Alikuwa ameonyesha picha zake kwa muda mrefu mpaka wakamchokoza kwamba ameziiba kwa watu. Bi Mkunjo alikesha akipiga deki na kupanga. Alichemsha chai, akapanga vikombe kwenye sinia, akasimama nalo mlangoni mwa chumba, maana ndani hapakuwa na nafasi ya watu watano.

"Nimepanga mwenyewe," wifi alikuwa akisema. "Siri ni kusimamisha nguo, siyo kuzilaza. Na huku nyuma ya mlango, oneni, vifuko. Nilikaa nikafikiri."

"Mwanamke una akili!" mke wa mkurugenzi akasema. "Na hii ya chini?"

Hakungoja jibu. Alishika mpini akavuta, wenzake wakarudi nyuma mpaka mlangoni. Droo ikatoka na vyote vilivyokuwamo: godoro lililobonyea katikati kwa umbo la mtu aliyejikunyata, kitambaa cha kichwa, na kichupa cha dawa ya kuchua. Harufu ya dawa ikajaa chumbani.

"Mnalaza nani humu?"

Wifi hakumeza hata mate. "Ah, dada wa kazi huyo. Hupenda kuwa karibu na mtoto."

Wageni wakageuka wakamtazama mwenye sinia. Bi Mkunjo akamtazama Kinda, aliyekuwa amekaa juu ya kitanda chake akining'iniza miguu.

"Eti Kinda," mgeni mmoja akauliza kwa sauti ya kuchezea watoto, "huyu nani?"

"Dada wa kazi," Kinda akasema upesi, kama mtoto anayejibu swali darasani. Alikuwa amelisikia kwenye simu ya mama yake mara nyingi, na hakuna aliyewahi kumwambia ni kosa.

Mlango wa nje ukafunguka, bwana wa viwanja akaingia na ramani zake zimeviringishwa kwapani. Akachungulia kumsalimu mke wa mkurugenzi, ambaye mumewe alimfahamu.

"Bwana mna bahati," mama yule akamwambia. "Dada wa kazi kama huyu mlimtoa wapi? Sisi wetu hata kutandika hawajui."

Mdogo akamtazama mkewe. Akawatazama wageni. Akamtazama dada yake, na kwa muda wa pumzi moja ilionekana kwamba mdomo wake unatafuta neno.

"Alikuja tu," akasema. "Amekaa nasi siku nyingi."

Bi Mkunjo akaingia ndani akawapita wageni, akalitua sinia juu ya meza ya kusomea, juu ya daftari lililokuwa wazi. Akavua ndara, akaziweka pamoja.

"Mgeni ameuliza droo hii ni ya nini," akasema. "Siyo vizuri mgeni kuuliza asijibiwe."

Akaingia droo. Akalala ubavu, akavuta goti la kwanza kwa mkono, kisha la pili, kwa kuwa yenyewe hayakukunjika tena bila kuvutwa, mpaka kidevu kikagusa magoti.

"Kinda, njoo sukuma. Kama asubuhi."

Mtoto akaruka chini akifurahi. Akaweka mikono miwili, akasukuma. Magurudumu yakalia. Mgongo wa shangazi ukaingia chini ya kitanda, ubao ukamgonga bega, droo ikakwama.

"Haiingii, shangazi! Umejaa!"

"Sukuma."

Kinda akarudi nyuma akasukuma kwa mguu. Bega likalia ko. Mgeni mmoja alicheka kicheko kifupi cha hofu, mwingine akasema, "Mtoto, acha! Jamani, mwambieni aache!" Mke wa mkurugenzi alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kama anayeogopa kuibiwa.

"Msimjali," wifi akasema, uso umemwiva. "Kichwa chake hakiko sawa. Tunamvumilia tu."

"Toka humo," mdogo akasema.

"Sema: toka humo, dada," sauti ikatoka chini ya kitanda. "Moja tu. Nitatoka."

Hakulisema. Wageni walimngoja, mkewe alimngoja akimtazama kwa jicho kali, naye akazishika ramani zake kwa mikono miwili, akazikaza. Kisha akageuka akaenda sebuleni. Chai haikunywewa.

Jioni, wageni walipokwishaondoka, alisimama mlangoni akazungumza akitazama kitasa. "Umetuaibisha mbele za watu. Mtoto anahitaji chumba chake peke yake. Tafuta pa kwenda, tafadhali, wiki hii."

"Sitahitaji wiki," Bi Mkunjo akasema.

Vitu vyake vyote, vilivyokunjwa kwa kibao, viliingia katika boksi moja la sabuni na juu kikabaki kiasi cha vidole vinne. Kinda alimtazama akifunga boksi kwa uzi.

"Shangazi, sasa humu nitawalaza wadoli?"

"Walaze."

"Wote?"

"Wote. Wao ni wafupi."

Mama Pasi hakumuuliza kitu. Alimfungulia chumba, chumba kitupu kutoka ukuta hadi ukuta, akatupa godoro katikati ya sakafu. "Lala hapo," akasema. "Nyoosha miguu mpaka uchoke. Hapa hakuna ubao."

Bi Mkunjo akalala chali. Akanyoosha. Magoti yalikwenda kidogo, yakasimama, yakabaki yamepinda hewani kama miguu ya kuku aliyekwisha nyonyolewa. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Wiki ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Kila Jumapili mchana Mama Pasi alipiga magoti sakafuni, akampaka dawa, akaweka viganja vyake vizito juu ya magoti yale, akakandamiza kama anavyokandamiza kola yenye wanga. Kwa mwezi mzima yalishuka upana wa kidole.

Jumapili moja, katikati ya kazi hiyo, simu ya Mama Pasi ikalia. Alikuwa mdogo wake Bi Mkunjo, namba aliipata kwa msimamizi. Mama Pasi akaiweka simu sakafuni karibu na sikio la mwenzake.

"Dada," sauti ikasema. "Dada, unanisikia? Chumba kimejaa tena. Nguo hazirudi kwenye maboksi, mama Kinda amejaribu zinamshinda. Droo nayo imekwama na wadoli, haitoki wala haiingii, mtoto analia. Dada, njoo Jumapili ijayo utupangie. Ni saa mbili tu, halafu nitakurudisha mwenyewe kwa gari. Dada?"

Bi Mkunjo aliisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa darini. Akanyoosha mkono akaikata simu.

"Kandamiza," akamwambia Mama Pasi.

"Itauma."

"Kandamiza tena."